Aliyemkaribisha Ndeshi

Ndeshi hakupiga hodi, lakini alikaribishwa.

Wenzake wote walikuwa wamepiga. Ndivyo alivyowaelekeza yule binti wa Kituo cha Wageni, Rukia, mwenye hijabu ya kijani na kitambulisho kinachoning'inia kifuani. Chumba cha nyuma cha nyumba hii ya kale hakiingiwi kimyakimya, alisema. Mtu anasimama kizingitini, anabisha, anangoja kidogo, ndipo anaingia. "Ni desturi ya hapa tu, msiniulize zaidi." Wageni kutoka Arusha wakacheka, wakapiga hodi kwa mzaha kama watoto wa shule, wakaingia, wakapiga picha mbele ya kitanda cha kale chenye miguu mirefu, kisha wakatoka kumfuata Rukia barazani wakaonyeshwe ramani ya kisiwa.

Ndeshi alikuwa amebaki nyuma. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa amechoka kuliko siku nyingine. Alitembea tu kama alivyozoea kutembea tangu mwaka jana, pole pole, bila kutazama anakokwenda. Akaona mlango wazi, akaona kigoda kando ya kitanda, akaingia.

"Karibu, mama," sauti ya kike ikasema karibu na sikio lake. "Kaa. Pole."

Akakaa. Alidhani ni Rukia. Kisha akamsikia Rukia kule barazani akieleza habari za makaburi na kisima cha zamani, na watu wakiuliza maswali, na mtoto wa binti yake Tabea akilia njaa mgongoni mwa mama yake. Chumbani hapakuwa na mtu ila yeye. Palinuka udi, na chini ya udi palinuka tope la pwani maji yanapokupwa.

Mtu mwingine angetoka mbio. Ndeshi alibaki pale, mikono mapajani. Alikuwa ameambiwa pole na kijiji chake kizima cha Nkoaranga, na kanisa zima, na watu asiowajua waliosimama barabarani, na hakuna hata pole moja iliyomfika. Hii ilimfika. Ilimwingia kifuani kama maji ya uvuguvugu, ikamzunguka, ikatulia humo.

Aliposimama kuwafuata wenzake, alijisikia mwepesi.

*

Mwanawe Yoeli alikufa katika mji mdogo wa Usa, kwenye barabara kuu, akirudi nyumbani na pikipiki yake. Alikuwa kitinda mimba, na ndiye aliyebaki nyumbani baada ya baba yake kufariki na dada yake Tabea kuolewa mjini. Ndiye aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe, akipogoa kahawa, akipeleka maziwa. Siku walipomleta, wanawake walimkalisha Ndeshi kwenye godoro na kumshika mabega huku na huku, wakingoja apige yowe. Hakupiga. Wakangoja kaburini, hakulia. Jirani yake Theresia, aliyelala naye msiba mzima, alikuwa akimtikisa na kumwambia, "Mama Yoeli, lia, mwenzangu. Usipolia itakuua." Ndeshi alimtazama tu, akauliza kama wageni wamepata chai.

Tabea alirudi kuishi na mama yake, akiwa na binti yake mchanga, Violet. Mumewe Daniel alikuwa dereva wa watalii, na kipindi cha wageni hakuonekana nyumbani wiki kwa wiki. Tabea mwenyewe alifanya kazi katika ofisi ya safari mjini, upande wa Themi. Ofisi ilipoandaa matembezi ya wafanyakazi kwenda kisiwa cha Mchangamle, huko mwambao wa Tanga, aliomba mama yake awemo. "Ukaone bahari, mama. Ubadilishe hewa." Ndeshi alikubali kwa sababu kukataa kulihitaji nguvu.

Basi wakaenda, wakavuka kwa boti ya injini, wakatembea katika ule mji mdogo wa nyumba za mawe na vichochoro vya mchanga, wakala samaki, wakarudi. Tabea alifurahi njia nzima. Mama yake alikuwa amekula sahani yote.

*

Kilichoanza ni chumvi. Ndeshi aliteka maji bombani, yale yale ya mlimani yasiyo na ladha, akachemsha chai, na Tabea akaitema.

"Mama, umetia chumvi?"

"Sijatia."

Akaonja. Ilikuwa na chumvi kweli. Akainywa.

Kisha ukaja mchanga. Kila asubuhi Ndeshi alipofagia chumba chake alikuta mchanga mweupe kando ya kitanda, umelowa, na Nkoaranga udongo wake ni mweusi. Aliuzoa na kuumwaga kwenye migomba. Ng'ombe naye akabadilika. Ndeshi akikaribia na ndoo, mnyama anajibana ukutani huku akitetemeka ngozi, anazuia maziwa yote, mpaka ikabidi Theresia awe anakuja kukamua. "Ng'ombe huyu ameona nini?" Theresia aliuliza. Ndeshi alisema hajui, na hakujali kujua.

Adhuhuri ndipo vilipoanza kusikika viatu. Saa ile ukungu wa Mlima Meru unaposhuka ukafunika kahawa, na nyumba inakuwa na kimya cha watu kuwa kazini, Ndeshi alisikia mtu anatembea sebuleni kwa viatu vya mti, ko, ko, ko, juu ya sakafu ya saruji. Vilitoka mlangoni, vikapita mezani, vikaingia chumbani kwake, vikasimama nyuma ya kiti alichokalia. Harufu ya udi ikafuata, kisha ile ya tope.

"Upo?" Ndeshi aliuliza siku moja.

"Nipo, mama. Nitakwenda wapi?"

Hakuogopa. Tangu Yoeli afe, kulikuwa na kitu kizito ambacho kila siku kilijaribu kupanda kutoka tumboni kwenda kooni, naye kila siku alikikalia kama mtu anavyokalia kifuniko cha sufuria. Sasa hakuhitaji tena kukikalia. Kilipoanza kupanda, mkono wa baridi ulipita kifuani mwake, taratibu kama mkono wa mtu anayefuta meza, na kitu kile kikawa hakipo. Alimwita mgeni. Akamzoea. Alianza hata kuketi upande mmoja wa benchi ili mwenzake apate nafasi.

Tabea ndiye aliyeogopa. Jumamosi moja alisimama mlangoni mwa jiko, Violet mkononi, akamsikiliza mama yake akiimba huku akiponda mahindi na maziwa mgando ya loshoro. Ndeshi alikuwa mwimbaji wa nyimbo za kanisani. Huu haukuwa wimbo wa kanisani.

"Mama," Tabea alinong'ona. "Unaimba kitu gani?"

"Naimba? Mie sijaimba."

Tabea alijiziba mdomo kwa mkono. Mama yake alizaliwa Nkoaranga, akaolewa Nkoaranga, na Kiswahili chake kilikuwa kizito kwa Kimeru. Hakuwahi kusema "mie" ya watu wa pwani maishani mwake.

Mchungaji aliitwa. Alikuja na wazee wa kanisa, wakasoma, wakaomba kwa muda mrefu wakiwa wameweka mikono juu ya kichwa chake. Ndeshi alisema amina kila palipotakiwa amina. Akawapa chai. Walikunywa kidogo wakatazamana, wakaweka vikombe chini.

Siku ile ile, alipokuwa akifuta vumbi kabatini, alishika picha ya kijana mmoja aliyevaa koti la mvua, anacheka, mkono mmoja juu ya pikipiki. Aliitazama mbele na nyuma. Alikuwa kijana mzuri. Ndeshi akajiuliza huyu ni wa nani, na kwa nini picha yake imewekwa hapa ndani. Akamaliza kufuta, akairudisha mahali pake, akaenda kuanua nguo.

*

Violet alikuwa ameanza kutambaa. Siku hizo watu walimsifu kwamba ni mtoto mpole ajabu, hana kilio kabisa. Akianguka anainuka. Akilowa anakaa hivyo hivyo. Mchana alilala kifuani kwa bibi yake, na wote wawili wangeweza kukaa saa nzima bila kutikisika, macho wazi.

Siku ya Jumatano Tabea alikuwa kazini, na Ndeshi alikuwa amewasha jiko la mkaa uani apike uji. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye ua. Alikuwa amegeuka kuchukua mwiko aliposikia viatu vya mti vikija kutoka kwenye kahawa, ko, ko, ko, ingawa pale chini ni udongo na udongo hautoi mlio huo, na baada ya viatu ikaja harufu ya udi, na baada ya udi ikaja ya tope, na baada ya tope ikaja harufu nyingine ambayo hakuitambua kwa haraka, harufu kama ya ngozi ya mbuzi inapobabuliwa motoni, na alipogeuka alimwona Violet amekaa kando ya jiko, kiganja chake kimebandikwa kwenye ukingo wa bati jekundu kwa moto, moshi mwembamba ukipanda kati ya vidole vyake, na uso wa mtoto ukiwa umeinuliwa, mtulivu, akitazama kitu kilicho juu ya bega la bibi yake na kukichekea.

Ndeshi alijua kwamba sasa ndipo mtu anapopiga kelele. Alingoja kelele ije. Mkono wa baridi ukapita kifuani mwake, na haikuja.

Akamwondoa mtoto kwenye jiko. Akautia mkono wake kwenye ndoo ya maji. Akamalizia uji, kwa sababu ulikuwa unaungua.

Jioni Tabea alirudi, akakuta kitambaa kimefungwa mkononi mwa mwanawe, akakifungua.

"Mama! Mama, ni nini hiki?"

"Ameungua na jiko."

"Ameungua hivi! Alilia sana? Ulimbembelezaje?"

"Hakulia."

Tabea alimtazama mama yake. Akamtazama mtoto aliyekuwa akichezea vifungo vya blauzi yake kwa mkono ule ule wenye kidonda, ngozi imevuliwa, nyama ikionekana. Akakaa sakafuni.

Hospitalini daktari alimsafisha Violet kidonda. Alimgusa kidole kwa sindano, mtoto akauchezesha mkono kidogo na kutabasamu. Daktari akamgusa tena. Akasema mishipa ni mizima, mkono unajivuta unapoguswa, ila haelewi kwa nini halii, warudi baada ya siku chache. Alisema hivyo bila kumtazama Tabea usoni.

Walipofika nyumbani Tabea hakuvua hata viatu. Akili yake ilikuwa imerudi nyuma mpaka mahali ambapo Violet alilia kwa mara ya mwisho, mgongoni mwake, pale barazani kisiwani. Alikuwa bado na namba ya Kituo cha Wageni, maana ofisi yao ndiyo iliyopanga safari. Akapiga, akaweka sauti kubwa, akamweleza Rukia kila kitu kwa mkupuo mmoja, chumvi, mchanga, viatu anavyovisikia mama, mtoto anayelala kifuani kwa bibi yake.

Upande wa pili walisikia kunguru wa Mchangamle tu.

"Mama yupo hapo?" Rukia aliuliza hatimaye. "Shikamoo, mama. Nisamehe nikikuuliza. Ulipiga hodi?"

"Marahaba. Sikupiga."

"Na ulijibiwa?"

"Nilijibiwa."

"Yarabi," Rukia alisema kwa sauti ya chini sana. "Nilisikia mtu akikaribishwa ndani. Nikajiambia ni mmoja wenu anafanya utani. Nina shangazi yangu huko huko kwenu Arusha, Olasiti. Anashona nguo. Watu wengi wanamjua kwa kushona tu. Nitampigia sasa hivi. Na mtoto, dada, usimwache alale kifuani kwa bibi yake."

*

Bi Mwanamkuu, yule shangazi, alikuja siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, akiwa na mkoba wa plastiki na futi ya kushonea bado shingoni. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miguu inayouma, akaomba kiti kwanza. Akamtazama Ndeshi kwa muda mrefu, akautazama mkono wa Violet, akaguna.

"Mimi ni Mwislamu, nyinyi Walutheri," alisema. "Nitasoma ninachokijua. Wewe binti, omba unachokijua. Hapa hatushindani."

Tabea akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amemkumbata mtoto kwa mikono miwili.

Bi Mwanamkuu alitia makaa kwenye chetezo, akaweka ubani, akamfunika Ndeshi shuka jeupe kichwani, akaanza kusoma. Moshi ukajaa chini ya shuka. Ndeshi alikaa akasikiliza, bila hofu, bila matumaini, kama mtu anayengoja zamu yake zahanati. Kisha akasikia mdomo wake ukifunguka.

"Mbona wanisumbua, Mwanamkuu?" mdomo ulisema. "Mie sikumvamia. Kaja mwenyewe, kaingia bila hodi, kakaa kigodani kwangu."

Tabea akaanza kuomba kwa sauti, maneno yakigongana.

"Ulimkaribisha," Bi Mwanamkuu alisema.

"Nyumba tupu hiyo. Hamna mtu ndani. Nimekuta uchungu umelundikana hadi darini, nikamchukulia. Muulize kama nimemuudhi."

"Na mtoto?"

"Mtoto kalala kifuani pake. Nami nimo kifuani. Alichokuwa nacho nimekichukua pia. Hakikuwa kingi."

Bi Mwanamkuu alifunua shuka. Paji lake la uso lilikuwa limeloa jasho, lakini alizungumza pole pole, karibu na uso wa Ndeshi, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Mama Yoeli. Wewe, si yeye. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nisikilize vizuri. Kuna wanaokuja kula mtu. Huyu amekuja kubeba, na hao ndio wagumu, kwa sababu mtu hataki waondoke. Kitu chako anacho. Nikimtoa hatoki nacho, atakiacha hapa, chote, kwa wakati mmoja. Sitakudanganya kwamba utakiweza. Na mwenye nyumba ni wewe. Ukisema abaki, nafunga mkoba wangu narudi Olasiti."

Mkono wa baridi ulikuwa tayari kifuani, unapapasa, unabembeleza. Nyuma ya kiti viatu vya mti vilijisogeza kidogo. "Mama," ile sauti ikamwambia sikioni, yeye peke yake, "mie nimekutendea ubaya gani?"

Hakuwa amemtendea ubaya wowote. Ndeshi alilitafuta jibu lingine asilipate. Alimtazama Violet. Kitambaa kilikuwa kimelegea na kidonda kilikuwa kimeanza kutunga usaha, na mtoto alikuwa akikigonga gonga kwenye kishikio cha kiti huku akitabasamu, na kila alipogonga, kitambaa kilizidi kulowa. Ndeshi aliuangalia mkono ule mdogo, akaingoja huruma. Haikuja. Akaingoja hofu. Haikuja. Aliona kwamba anaweza kungoja hivyo hadi mtoto huyu akue, aingie motoni mzima mzima siku moja akicheka, naye atakuwa amekaa hapa hapa akingoja.

"Sisikii kitu," alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Nkoaranga. "Namwangalia mjukuu wangu na sisikii kitu. Lakini mtoto akiungua analia. Hilo nalijua hata nisipolisikia." Akavuta pumzi. "Mtoe."

Bi Mwanamkuu hakumpa nafasi ya kubadili neno. Alimfunika tena, akasoma, sasa kwa sauti kubwa, na Tabea akapaza yake, na sauti mbili zile za dini mbili zikapanda pamoja mpaka mabati yakawa yanatikisika, au labda yalikuwa yanatikisika kwa kitu kingine, maana upepo uliingia kutoka upande usio na dirisha, upepo wa joto, wa chumvi, na maji yakaanza kumtoka Ndeshi puani na mdomoni, maji ya bahari, mengi kuliko anayoweza kuyabeba mtu, yakamwagika kifuani, yakaenea sakafuni na mchanga wake, na katikati ya maji yale akausikia mkono wa baridi ukijishika mbavuni mwake kidole baada ya kidole, hautaki, unateleza, unashika tena, mpaka cha mwisho kikaachia. Viatu vikatembea juu ya maji. Vikapita mezani, vikafika mlangoni, vikasimama.

"Basi," sauti ilisema kwa unyonge. Vikashuka ngazi.

Ubani ulinuka ubani tu.

Wa kwanza alikuwa Violet. Aliutazama mkono wake kama aliyeletewa sasa hivi. Midomo ikamtetemeka, akavuta pumzi ndefu, ndefu mno hata Tabea akadhani imekatika, kisha akapiga kilio ambacho kilikuwa cha jiko, na cha sindano, na cha kila mahali alipoanguka. Tabea alimkumbatia akilia na kucheka.

Ndipo Yoeli akaja. Ndeshi hakupata muda wa kujishika. Alikuja na koti lake la mvua na tope kwenye buti, akiita tangu getini, "Mama, kuna chai?", alikuja akiwa mdogo na surua, alikuja akijifunza pikipiki ya jirani na kuanguka kwenye mfereji, alikuja chini ya kanga ya mwanamke asiyemjua, pale Usa, mguu mmoja umebaki nje, soksi imetoboka kidoleni, ile soksi aliyomwahidi kwamba atamshonea. Vyote kwa wakati mmoja. Ndeshi alianguka kutoka kitini hadi sakafuni kwenye maji, na sauti iliyomtoka ilivuka migomba, ikavuka mfereji, ikapanda mlima.

Nkoaranga wanaijua sauti ya namna hiyo. Walikuja mbio, wanawake wakijifunga kanga njiani, wanaume na majembe bado mikononi. Theresia ndiye aliyefika mbele, akihema, akasukuma mlango.

"Nani?" aliuliza. Alimwona Tabea mzima, akamwona mtoto analia, mzima. "Mama Yoeli, nani amekufa?"

Ndeshi aliinua uso.

"Yoeli," alisema. "Theresia, Yoeli wangu amekufa."

Theresia akavua ndala zake pale mlangoni, akaingia, akaketi sakafuni katika maji kando ya rafiki yake, akamshika bega, na akaanza kulia naye. Nyuma yake wengine wakavua viatu, wakaingia mmoja mmoja, wakakaa.